Waya Ukiwa kwenye Boksi, Hakuna Shikamoo

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na tatu, gogo lilimvunja baba mguu kwenye kiwanda cha mbao, na shida ikaingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi. Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alinifuata mara mbili. Mara ya tatu alimkuta mama anatwanga mahindi ya kuazima, akaona haya, hakurudi tena. Basi hesabu ninazozijua ni za darasa la nne, na zimenitosha. Waliosoma mpaka mwisho wameniletea magari yao miaka yote hii, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza cheti gari lake likiwa limezimika.

Nyie mafundi mliobaki pale gereji mliniambia siku ninaaga, "Mzee Mahanyu, tuandikie mambo ya kazi." Mlisema huku mnatazamana na kucheka, mkidhani mkono uliozoea spana hauwezi kalamu. Haya, kalamu nimeishika. Kaeni mnisome, na anayesoma huku anatafuna muwa anawe mikono kwanza.

Aliyenipokea mjini Lushoto ni Mzee Salehe, mtu wa pwani aliyepanda milimani kufuata kazi akasahau kushuka. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko: nguzo sita, bati juu, ukuta hakuna. Siku ya kwanza sikushika spana. Nilipewa kopo la petroli, brashi ya waya na rundo la plagi chafu. Nilizisugua mpaka ngozi ya vidole ikakakamaa, na jioni nikampelekea zote zinang'aa, nikasubiri sifa. Mzee Salehe alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi anakula shuka lake. Akaniuliza kila plagi ilikuwa na rangi gani kabla sijaisugua. Sikujua. Akaniambia nimeifunga midomo ya injini nne kwa siku moja, yeye hajawahi kuona kijana mwenye bidii ya hasara namna hiyo.

Ndipo akanifundisha. Plagi yenye masizi meusi, injini inakunywa mafuta kupita kiasi. Plagi nyeupe kama mfupa, injini ina njaa na itaungua. Plagi yenye rangi ya chai ya maziwa, funga boneti uende nyumbani. Mpaka leo plagi nazisoma bila miwani, na nyie wenye macho mazuri naona mnazitupa tu kwenye debe.

Jambo la pili alilonifundisha ni hewa ya huku kwetu. Gari lililopangiwa kipimo cha mafuta Tanga, kando ya bahari, linapumua hewa nzito. Likipanda kutoka Mombo linakuja vizuri. Likipita Soni linaanza kukohoa, na likifika Lushoto linatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi. Dereva anaulaumu mlima. Mlima haujafanya lolote, umekaa tu pale tangu babu zetu. Hewa ya juu ni nyembamba, mafuta yanaingia kwa kipimo kile kile cha pwani, basi yanazidi, injini inavimbiwa. Wakati wa kabureta tulikuwa tunapunguza mafuta kwa bisibisi, nusu mzunguko, tunaweka mpini wa jembe kwenye injini na sikio kwenye ncha nyingine, tunasikiliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta yetu, na haikuhitaji chaji.

La tatu ni salamu. Mzee Salehe alikuwa na sheria: boneti haifunguliwi kabla salamu haijaisha. Unaacha ulichoshika, unapangusa mikono, unasimama. Kwa mtu mzima unatoa shikamoo kwa mikono miwili na goti linakunjwa. Kisha unauliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto. Nyie mnadhani ni adabu tu. Ni adabu, lakini pia ni ufundi. Mtu akifika na haraka zake anakwambia gari limegoma lenyewe, halikufanywa kitu. Mkisalimiana mkafika kwenye mbuzi na wajukuu, moyo unatulia, anakwambia, "Kwa kweli fundi, jana nilipita nalo mtoni." Umeokoa nusu siku ya kutafuta. Na injini nayo inakuwa imepoa.

Mzee Salehe alipofariki gereji ilibaki kwangu, na sheria ya salamu niliikaza zaidi yake. Aliyeisahau nilikuwa simgombezi. Nilikuwa nakohoa tu. Kila aliyefanya kazi kwangu anakijua kikohozi kile, na wapo waliohamia Korogwe wakasema bado wanakisikia usingizini.

Kisha yakaja magari yenye kompyuta. Sitawadanganya, niliyachukia. Kitu kinachovuja nakiona, kinachogonga nakisikia, kinachoungua nakinusa. Sasa hiki cha kukaa kimya ndani ya boksi na kuamuru nozeli za kunyunyiza mafuta zifunguke muda gani, nikitafute kwa kiungo gani? Nilianza kuyakataa magari hayo, nikiwaambia wenyewe kwamba gereji imejaa. Walikuwa wanatazama uwanja mtupu, wananishukuru, wanaondoka. Watu wa huku wana heshima.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni Saumu. Mnamjua, lakini siku ile alikuwa mgeni: mwanamke wa makamo, fundi umeme wa magari aliyesomea chuo cha ufundi, ameolewa na mwalimu aliyehamishiwa Lushoto. Alipojitambulisha kuwa ni Mzigua wa Handeni, nilijua nimepatikana. Msambaa na Mzigua ni watani tangu mababu. Mtani wako anaweza kukwambia neno ambalo mwanao akikwambia utamtoa nyumbani, na wewe unacheka.

"Shikamoo, mzee," alisema, mikono miwili, goti chini, kila kitu sawasawa. "Nimesikia nyie Wasambaa magari mnayatengeneza kwa kabichi."

"Marahaba," nikamjibu. "Na nyie kwa kutazama mbinguni kama mvua inakuja."

Akacheka, akafungua begi, akatoa laptop. Tangu siku hiyo tulifanya kazi pamoja, na hakuna siku iliyopita bila kutukanana vizuri.

Sasa niwaambie kazi ambayo mmenisumbua sana niisimulie, ile ya pikapu ya Mama Eliza.

Mama Eliza ni mjane wa kijiji cha Mgwashi, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na sauti yake ukiwa Bumbuli unaisikia. Pikapu ile aliiacha marehemu mumewe. Alikuwa anakusanya njegere, karoti na peasi za akina mama wenzake wa kule juu, ambao bila yeye walikuwa wanabeba matenga kichwani mpaka barabarani. Kompyuta ya pikapu iliungua. Akaipeleka Dar es Salaam, na huko fundi hakupata nyingine ya aina ile, akamfungia boksi la kupangwa. Boksi la kupangwa ni hili: halikuja na akili za kiwandani, unaliunganisha na laptop, unalijazia jedwali la namba. Injini ikizunguka kiasi hiki na mguu wa dereva ukikanyaga kiasi hiki, nozeli ifunguke kiasi hiki. Fundi alilijaza namba huko huko Dar, hewa nzito, akajaribu gari barabara ya lami iliyonyooka, likaruka kama swala. Likaja kwetu. Kuanzia Soni kwenda juu lilikuwa linatembea kwa mwendo wa maiti.

Mama Eliza alizunguka kwa mafundi wote akachoka. Mwisho akatokea mzee mmoja wa Mnazi, kule chini bondeni, Mzee Sefu, akasema atalichukua kwa bei ya chuma chakavu, maana kwao ni tambarare na litamfaa kubebea mahindi. Mama Eliza alimpa ahadi: nikishindwa kupanda nalo kwetu mpaka siku ya gulio, njoo ulichukue. Ahadi kwa mtu mwenye umri ule hairudishwi mfukoni. Alipokuja kwetu, gulio lilikuwa wiki ile ile.

"Mzee," aliniambia, "likienda Mnazi, mimi na wenzangu tunarudi kwenye matenga. Magoti yetu si yale ya zamani."

Nilichomoa plagi. Nyeusi tii, masizi ya kuandikia. Ugonjwa ule ule wa kabureta za zamani, ila safari hii bisibisi haina mahali pa kuingia. Nikamwambia Saumu mafuta yapunguzwe. Akasema kupunguza ni rahisi kama kubonyeza, shida ni kuingia ndani.

Hapa msikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapotupa vifaa chini. Boksi lile lilikuwa na mdomo wa kizamani wa pini tisa. Laptop ya Saumu ina tundu bapa la USB tu. Basi unahitaji waya wa adapta, upande mmoja USB, upande wa pili pini tisa. Wa kwanza tuliupata duka la simu hapa hapa mjini. Ukachomeka, taa yake ikawaka, nikafurahi. Saumu akaniambia taa kuwaka si kazi, hata kaburi la tajiri linawashwa taa. Laptop ilikuwa haiutambui. Kila waya wa adapta una kipande cha akili ndani yake, na laptop inahitaji programu ya kutambulishwa kwa akili hiyo. Wa kwetu ulikuwa wa bandia, programu inaukataa. Tukaagiza mwingine Tanga, ukaja na basi, huo ukatambulika.

Lakini ukafika kwenye boksi, mdomo dume na mdomo dume. Haichomeki. Saumu akatafuta kipande cha waya jike kwa jike, midomo ikakutana, na bado kimya. Nikamuuliza kama boksi limekufa. Akanieleza kwa namna ambayo hata mimi wa darasa la nne nilielewa: ndani kuna waya wa kusemea na waya wa kusikilizia. Kama mdomo wa laptop umeunganishwa na mdomo wa boksi, wote wanasema, hakuna anayesikia. Nikamwambia hiyo ni ndoa ya Kizigua. Akasema ni mkutano wa ukoo wa Kisambaa. Akakata waya, akapishanisha uzi wa pini namba mbili na wa namba tatu, akalehemu kwa risasi, akafunga utepe.

Bado. Programu ya boksi ilikuwa ya zamani, inajua kugonga milango michache ya mwanzo tu, na laptop ilikuwa imeupa waya mlango wenye namba kubwa, wa mbali huko. Saumu akaingia kwenye mipangilio, akaupa mlango wa tatu. Ghafla skrini ikajaa namba zinazocheza. Joto la injini, mzunguko, kila kitu. Mimi nilikuwa nimeinama dirishani. Nilienda kwenye boneti nikaongeza mafuta kidogo kwa mkono, nikarudi mbio kutazama, namba ikapanda. Nikaongeza tena. Saumu akaniambia, "Mzee, si mdoli huo."

Jambo la kwanza alilofanya, na hili mliandike ukutani, alilisoma boksi na kuhifadhi nakala ya namba zote za Dar kabla ya kugusa hata moja. Kisha tukapanga. Mimi nasikiliza na kunusa bomba la moshi, yeye anapunguza. "Bado linavimbiwa," nasema, anapunguza. "Hapo limeanza njaa," anarudisha kidogo. Tulichomoa plagi mara kadhaa mpaka zikaanza kuelekea rangi ya chai. Mpaka hapo namba mpya zilikuwa za muda tu, ukizima gari zinapotea. Ili zikae lazima ziandikwe ndani ya boksi moja kwa moja, na wakati wa kuandika, Saumu alinionya, mawasiliano yasikatike hata kidogo.

Akabonyeza. Mstari ukaanza kujaa kwenye skrini, polepole, kama uji unaopanda sufuriani.

Na hapo akapita bibi mmoja jirani, muuza ndizi, mkubwa kuliko marehemu mama yangu. Akasimama mlangoni, ndivyo tunavyoziita nguzo mbili za mbele. Saumu yuko kwenye kiti cha gari, macho kwenye skrini. Bibi anangoja. Mimi nikakohoa.

Saumu ni mtoto aliyelelewa. Alifunika laptop, akaiweka kitini, akashuka, akapangusa mikono, goti likakunjwa, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia kwa furaha, wakaulizana habari, akatuachia ndizi mbili. Saumu aliporudi na kufunua laptop, ilikuwa imelala, waya haiuoni tena, mstari umesimama katikati. Nilizungusha ufunguo. Injini haikushika wala kupiga chafya. Boksi likawa bubu.

Mama Eliza alikuwa amekaa kwenye tairi chakavu. Alitazama nyuso zetu akajua, akafunga kanga yake vizuri, akaanza kuimba pambio kwa sauti ya chini, na kwa mtu mwenye sauti ile, ya chini ndiyo inayotisha.

Saumu alimpigia yule fundi wa Dar. Fundi akamwambia boksi lililokatishwa katikati linaweza kuamshwa: kuna vitundu viwili ndani vya kuunganishwa kwa kipande cha waya, likiamka hivyo litakubali kuandikwa upya kutoka mwanzo. Lakini likikatishwa mara ya pili, alisema, mlitumie kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Siku ya gulio ilifika. Saumu aliamsha boksi, akarudisha nakala ya kwanza, akapachika zile namba tulizozipata kwa plagi. Akaiambia laptop isilale hata ikifunikwa. Ila palibaki kasoro moja: ule mdomo wa adapta ulikuwa umelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa wiki nzima, ukiachia unacheza. Akaushika kwa vidole vya mkono wa kulia, akaubana kwenye laptop iliyo mapajani, mkono wa kushoto kwenye vibonyezo. Akaniambia, "Mzee, leo hata babu zangu wafufuke, sishuki." Nikamwambia babu zake walikuwa wanachelewa, wasingefika leo. Akabonyeza.

Uji ukaanza kupanda. Na mlangoni akaingia Mzee Sefu wa Mnazi.

Tulimtarajia mchana. Alikuja asubuhi, kofia nyeupe, fimbo, amenipita mimi miaka isiyopungua kumi. Akaenda moja kwa moja kwenye pikapu kutazama mali yake. Akasimama kwenye dirisha la Saumu, akangoja. Kwa mara ya kwanza tangu nimiliki gereji, kifua kiliniwasha na nikameza kikohozi.

"Shikamoo, mzee," Saumu akasema, macho kwenye skrini.

Mzee Sefu hakuitikia. Alinigeukia mimi.

"Huyu ni kipofu au kiwete?"

"Ni Mzigua, mzee," nikamwambia.

Midomo yake ilicheza kidogo. "Wazigua ninao majirani Mnazi. Wanasimama."

"Hao wa kwenu wameiva," nikasema. "Huyu tumempata bado mbichi."

"Mzee," Saumu akasema bila kuinua uso, "huyu Msambaa ndiye aliyenifungia kwenye gari. Amesema nikishuka atanila na kabichi."

Nikasikia kicheko kikimpita puani, lakini mtu wa umri ule haitikii shikamoo ya aliyekaa. Akaamua kumrahisishia. Akaingiza mkono wake wa kulia dirishani, apewe mkono basi, yaishe. Nyie mnajua maana yake. Mkono wa mzee ukitangulizwa, haukataliwi. Na mkono wa kulia wa Saumu ndio ulioshika waya. Niliona vidole vyake vinaanza kulegea. Alikuwa anaenda kuuachia, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na mimi kwa miaka yote ile nilikuwa nimekaza pale pale.

Niliruka. Wenye magoti ya miaka sitini wananielewa. Niliudaka mkono wa Mzee Sefu ukiwa hewani, kwa mikono yangu miwili, nikaenda chini goti likalia kama bawaba.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Hii ni yangu. Na shikamoo, hii ni ya binti."

"Marahaba," akasema kwa mshangao.

"Onga mshi," nikamwongezea ya Kisambaa, ile ya mchana, nayo ana wajibu wa kuijibu.

"Niwedi. Ni asubuhi, lakini niwedi."

Sikuuachia mkono. Nikamuuliza za Mnazi, akajibu nzuri. Nikauliza mvua, akasema zimechelewa. Nikauliza mahindi, mbaazi, mbuzi, mke mkubwa, mke mdogo, mguu wa mke mdogo, ambao sikujua kama unauma, ila ulikuwa unauma kweli. Kwa pembeni ya jicho natazama skrini: uji umefika nusu. Nikauliza wajukuu, mmoja mmoja.

"Mbuzi umeshaniuliza," Mzee Sefu akasema nilipozunguka.

"Wale walikuwa wako, mzee. Sasa nauliza wa ndugu yako."

Alinitazama, akautazama mkono wake ulivyobanwa, akamtazama Saumu na vidole vyake vilivyopauka kwa kubana waya, akamtazama Mama Eliza aliyekuwa amesimama na mikono kifuani, hapumui. Yule mzee hakuwa mjinga. Hakuelewa waya, lakini alielewa kwamba watu watatu wameshikilia kitu kimoja. Akaegemea fimbo yake vizuri.

"Mbuzi wa ndugu yangu," akasema taratibu, "ni hadithi ndefu. Tuanze na yule beberu."

Akaanza na beberu. Akaeleza alivyonunuliwa, alivyotoroka, alivyorudi na jike la watu. Sijawahi kusikiliza habari za beberu kwa moyo namna ile.

"Limekubali," Saumu akasema.

Akachomoa waya, akaiweka laptop, akashuka, akapiga magoti yote mawili kwenye udongo wenye oili na gauni lake jema. Mzee Sefu akaitikia marahaba moja ndefu, akamwekea mkono kichwani.

Nikazungusha ufunguo. Lilishika mara moja. Tukapakia magunia ya viazi mpaka springi zikalala, ili tusijidanganye. Mama Eliza akashika usukani, Mzee Sefu akasema naye anapanda mbele, bado ni mnunuzi na ana haki. Mimi na Saumu tukakaa nyuma juu ya magunia, yeye amekumbatia laptop kama mtoto. Tulienda Mgwashi. Kwenye ule mlima ambapo lilikuwa linasimama, Mama Eliza alirudisha gia moja, akakanyaga, na pikapu ikapanda. Bomba likatoa moshi mwepesi, hauna rangi. Nilisikia pambio linaanza kule mbele, safari hii kwa sauti yenyewe, na akina mama walitoka mashambani kutazama kabla hatujafika.

Juu kabisa Mzee Sefu alishuka, akazunguka gari, akapiga teke tairi moja kama mtu wa mnadani. Mama Eliza alisimama mbele yake, akamwambia ahadi ni ahadi, gulio ni leo, Mzee akisema analichukua, yeye hatabisha.

"Binti yangu," Mzee Sefu akasema, "nilitaka gari la tambarare. Hili linapanda milima. Nitalifanyia nini Mnazi?"

Akaomba peasi za kupeleka nyumbani. Akapewa tenga zima.

Toka siku ile sheria ya gereji ina sehemu ya pili, nayo niliiweka kwa mdomo wangu: waya ukiwa kwenye boksi, fundi hasalimu wala hasalimiwi. Mwingine anasimama mlangoni, anapokea wageni kwa niaba yake, na anasalimu kikamilifu, mpaka mbuzi wa ndugu. Kazi ya mlangoni niliichukua mimi mpaka siku ya kustaafu. Saumu anasema ndiyo kazi pekee ya kompyuta niliyoiweza. Mwacheni, ni Mzigua.

Nimeacha kazi magoti yakiwa yamekwisha na masikio bado mazima. Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati jipya upande mmoja. Shamba la migomba na miti ya plamu. Ng'ombe wa maziwa mmoja na ndama wake. Watoto watano, wote walimaliza shule. Sanduku la spana, ila ya namba kumi na tatu haipo, na aliyeichukua anajijua. Gereji si yangu tena, ni ya Saumu, pamoja na waya zake. Gari sina na sijawahi kuwa nalo. Nikitaka kwenda Mgwashi nasimama barabarani siku ya gulio, Mama Eliza ananipandisha mbele.